Dizeli, mswaki na bomba la sindano: ninavyotunza cheni ya pikipiki yangu

Mimi ni mtu wa mifugo, na eneo langu la kazi ni Kongwa, Dodoma. Aliyewahi kupita njia za Mkoka au Zoissa mwezi wa tisa, mvua bado haijafikiriwa, anajua vumbi ninalolisema: lile linaloingia mpaka kwenye betri ya simu iliyo mfukoni. Pikipiki yangu ni ya cc 125, ina kava la juu tu, kwa hiyo cheni yote ya chini iko wazi. Vumbi likikaa juu ya grisi unakuwa umeivisha cheni msasa, na kila kilomita unayokwenda inajisaga yenyewe.

Kilichonifanya niishughulikie mwenyewe nyumbani ni seti ya cheni iliyoisha mapema mno. Meno ya sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, yalichongoka na kulala upande mmoja. Fundi aliyenibadilishia, mzee wa pale Kibaigwa, hakuitupa ile cheni ya zamani. Alinipa mkononi akasema, "Hebu ikunje, bwana mifugo." Nikaikunja. Viungo vingine vilikunjika vizuri, vingine vikabaki vimekakamaa, havirudi. Halafu akaitoa pini moja kwa kile kifaa cha kukatia cheni, akaniwekea kiganjani. Nje ya cheni kulikuwa na grisi ya kutosha kuchafua shati. Pini yenyewe ilikuwa kavu, imelika upande mmoja, ina unga wa kahawia wa kutu. "Umeona? Unapaka mafuta pasipohitaji," akaniambia.

Kila kiungo kina sahani za pembeni, bushi (kibomba kidogo cha chuma), rola inayozunguka juu ya bushi, na pini inayopita katikati. Rola ndiyo inayokutana na meno ya sproketi. Pini na bushi ndizo zinazosuguana kila cheni inapojikunja kupita kwenye sproketi. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma hakijavutika popote: pini na bushi zimelika, kila kiungo kimeongeza nafasi ndogo isiyoonekana kwa macho, na viungo viko zaidi ya mia. Zikijumlishwa ndiyo unaona cheni imelegea hata baada ya kukazwa juzi. Kwa hiyo oili inatakiwa ndani, kwenye pini na bushi, na kidogo chini ya rola. Grisi nzito inayopakwa kwa kidole juu ya sahani haifiki huko. Inabaki nje inakusanya mchanga.

Naifanya kazi hii jioni nikirudi, cheni ikiwa bado na uvuguvugu, maana oili hupenya vizuri zaidi na hupata usiku kucha wa kuingia. Ninapiga stendi kubwa, nazima injini, naweka nyutro, natandika karai kuukuu chini. Tairi nalizungusha kwa mkono. Nimeona vijana wakiingiza gia ya kwanza na kuacha injini ijizungushie huku wameshika tambara kwenye cheni. Tambara likinaswa kati ya cheni na sproketi linaondoka na vidole kabla hujafikia swichi. Hapo sina mzaha, hata kama una haraka.

Cha kusafishia kinachosifiwa zaidi ni mafuta ya taa, na ni kweli yanafaa. Lakini tangu serikali ilipoyapandishia kodi mwaka 2011 kukomesha uchakachuaji, yaani kuyachanganya na dizeli, bei yake haina tena unafuu, na vituo vingi vya huku hata havina. Natumia dizeli. Inakata uchafu taratibu zaidi, lakini inakata, na haikaushi chuma kabisa kama petroli. Petroli siitumii: ekzosi ina moto, mvuke wake unawaka upesi, na jikoni kwangu hakuko mbali na hapo ninapoegesha. Kwa wenye pikipiki kubwa zenye cheni ya oringi, ile yenye vimpira vidogo kati ya sahani, petroli na brashi ya waya ni kuua vimpira hivyo. Cheni yangu ni ya kawaida, namba 428, haina oringi, lakini brashi ya waya bado siigusi. Mswaki wa zamani unatosha.

Nachovya mswaki kwenye dizeli na kusugua kipande kimoja kimoja, juu, chini na pembeni zote mbili, kisha nasogeza tairi. Mara ya kwanza unatoka uji mweusi mzito wenye chembe zinazong'aa ukiusugua kwa vidole. Hicho ni chuma cha cheni yako. Nafungua pia kifuniko cha sproketi ndogo ya mbele. Pale ndipo takataka yote inapojificha: udongo, grisi, majani, vyote vimeshindiliwa pamoja mpaka vinahitaji kijiti. Ukisafisha cheni bila kufungua pale, mizunguko michache tu ya tairi inarudisha uchafu ulioutoa.

Halafu nafuta. Tambara kavu, nimeikumbatia cheni kwa kiganja, tairi nalizungusha kurudi nyuma, mpaka tambara litoke bila weusi mwingi. Naiacha ikauke nikiwa naoga au nakula. Dizeli ikibaki ndani inaifanya oili iwe nyepesi, itiririke tu.

Oili ninayoweka ni ya gia, namba 90. Ni nzito kiasi cha kukaa, ni nyepesi kiasi cha kupenya, na lita moja inanitosha muda mrefu sana. Sasa hapa kazi yangu imenisaidia: natumia bomba la sindano la mifugo, lile kubwa, bila sindano. Naanzia kwenye kiungo chenye klipu, kile kinachounganisha ncha mbili za cheni, ili nijue nilipoanzia, nadondoshea tone pale sahani ya ndani inapokutana na ya nje, upande wa kulia, tone jingine upande wa kushoto, na kidogo kwenye rola. Nadondoshea kwenye upande wa ndani wa cheni, juu ya ile sehemu ya chini, kwa sababu cheni ikizunguka oili inasukumwa kwenda nje, ikapita mwilini mwa kiungo badala ya kurukia tairi. Mpira wa bomba huvimba kwa oili baada ya muda na kugoma kusukumika. Natupa, nachukua jingine.

Kijana jirani yangu, wa bodaboda, alinicheka. "Bwana mifugo, cheni unaichanja?" Yeye ana chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, imejaa oili chafu ya injini, na kila asubuhi anaimwagia cheni huku anaongea na simu. Simlaumu. Oili ile hailipii, anatembea kutwa, na cheni iliyolowa oili chafu inadumu kuliko kavu. Ila oili hiyo imebeba chembe za chuma kutoka kwenye injini, na suruali ya abiria wake unaijua ukiiona.

Nikishadondosha nazungusha tairi kidogo, naiacha ilale. Asubuhi nafuta tena kwa nje, kwa nguvu, mpaka sahani zibaki na unyevu tu. Watu wengi hatua hii wanaiona ni kupoteza oili. Iliyo nje imeshamaliza kazi, kazi iliyobaki kwayo ni kushika vumbi. Kisha naangalia tairi na rimu kama kuna tone lililopotea.

Ulegevu naupima papo hapo, katikati ya sehemu ya chini, kwa kuisukuma juu na chini kwa kidole. Pikipiki yangu inataka kama milimita 25 hadi 30. Nazungusha tairi na kupima sehemu kadhaa, kwa sababu cheni hailiki sawasawa, na ninakaza kwa kufuata sehemu iliyokaza kuliko zote. Ukikaza mpaka isicheze, ukipakia mtu na gunia la pumba, suspensheni inashuka, cheni inajivuta, na anayeumia ni beringi ya sproketi ya mbele. Tairi likirudishwa nyuma breki ya ngoma nayo hukaza, kwa hiyo nati ya fito ya breki lazima iguswe.

Vitabu vingi vya pikipiki ndogo vinasema kilomita 500 hivi kwa kila kupaka. Kwa vumbi letu mimi siifikishi, na baada ya kuvuka korongo lenye maji sisubiri kabisa. Dizeli iliyotumika naiacha kwenye chupa siku kadhaa, matope yanatuama, ya juu naitumia tena.

Seti ya sasa bado inanitembeza. Napima pini 21 mfululizo kwa futi kamba, cheni ikiwa imevutwa: zikiwa mpya ni milimita 254, nami nitaibadilisha ikifika 259, pamoja na sproketi zote mbili.