Lesi ya Mwanjelwa kwenye mikono ya avata

Mtu akikwambia kwamba ule mstari mweupe unaozunguka nguo ya avata, yule mtu wa kuchora anayekuwakilisha kwenye kompyuta, unaondoka ukifuta kwa uangalifu zaidi, mshukuru kwa adabu kisha nenda zako. Mimi sikwenda zangu. Nilikaa wiki tatu nafuta pikseli, zile nukta zinazounda picha, mojamoja kama mtu anayechambua mchele, mgongo unauma, na bado avata wangu alionekana kama ametoka mashine ya kusaga.

Mle Second Life, ulimwengu wa mtandaoni ambako watu huuziana hata nguo za avata, nina avata wa kike, maji ya kunde, mrefu kuliko mimi. Msinicheke, nguo za kike ndizo zinazouzika. Nilitaka nimvishe gauni lenye mikono ya lesi nyeusi, ile ya maua makubwa ambayo kina mama wa hapa Mbeya huvaa harusini. Umbo la gauni sikulichonga mwenyewe. Nilinunua tupu, lenye ruhusa zote za kulibadilisha na kuliuza, likaja na ramani yake inayoonyesha kifua kiko wapi na mkono uko wapi. Kazi yangu ilikuwa rangi na matundu tu, na matundu ndiyo yaliyonitoa jasho katika baridi ya Julai.

Lesi niliifuata sokoni Mwanjelwa. Muuzaji akakataa kunikatia nusu mita, akasema chini ya mita hakati, ikaenda kama elfu sita au saba. "Kaka, harusi lini?" Nikasema bado. "Anavaa saizi gani huyo wifi?" Mdomo ukaniponyoka: "Elfu moja na ishirini na nne." Aliniangalia sana. Lakini ndiyo saizi yenyewe! Tekscha, yaani picha inayovalishwa juu ya umbo, inatakiwa iwe na pikseli kama 256, 512 au 1024 kwa upande, ukileta vipimo vya ajabu itavutwa tu.

Jaribio la kwanza nililifanyia kitandani. Shuka jeupe, lesi juu yake, picha kwa simu, nikaiingiza kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nikachagua nyeupe yote kwa mpigo, nikafuta. Kwenye skrini maua yalisimama safi nikajiona fundi. Nikapakia Second Life, Linden 10 (pesa ya mle) zikaenda, nikamvisha. Lahaula! Kila ua limezungushiwa unga. Nikisogeza kamera mbali ndiyo balaa linazidi.

Nikampigia binamu yangu wa Kabwe. Yeye anatengeneza kadi za harusi kwenye steshenari, kwa hiyo katika ukoo wetu ndiye profesa wa picha. Akasema lainisha ukingo. Nikalainisha, unga ukageuka moshi. Akasema basi punguza ukingo kwa pikseli mbili. Nikapunguza, nyuzi zote nyembamba zikapotea, yakabaki maua yanaelea hewani kama stika kwenye daladala. Mwisho akatoa hukumu: "Kaka, hiyo programu ya bure haiwezi. Nunua ya kulipia."

Hapo nikakasirika, na hasira ikanisaidia. Nilikuza ile picha mpaka pikseli zikawa kama matofali, nikaanza kutazama. Kumbe pale uzi mweusi unapokutana na shuka jeupe, kamera haikati kama mkasi. Inaweka pikseli za kijivu, nusu uzi nusu shuka. Ukifuta nyeupe, kijivu kinabaki. La pili ndilo lililoniuma zaidi: pikseli isiyoonekana bado ina rangi, imefichwa tu. Ukiwa mbali na nguo, programu ya Second Life hutumia nakala ndogo ya tekscha, na katika kuipunguza huchanganya pikseli jirani, zikiwemo zilizofichwa. Shuka langu lilikuwa bado limo mle ndani!

Kwa hiyo niliacha kukata. Rangi nikaifanya kitu kimoja, matundu kitu kingine. Leya ya rangi, yaani tabaka la picha, nikaijaza nyeusi kona mpaka kona, bila tundu hata moja. Ukingo utachanganyika na nini sasa, kama kila jirani ni mweusi? Matundu yakawa kazi ya maski peke yake, picha ya pili inayosema wapi paonekane: nyeupe inaonekana, nyeusi haionekani, kijivu ni nusunusu.

Maski yenyewe nilitaka niichukue kwenye lesi halisi, siyo kuchora. Nikaibandika lesi kwenye kioo cha dirisha kwa selotepu ili mwanga utoke nyuma. Picha ikatoka nzuri, ila na nondo za dirisha ndani yake. Gauni likawa na gereza. Nikazunguka nyumba nzima natafuta kioo kisicho na nondo, nikakiona sebuleni, juu ya makochi: kioo cha fremu ya picha ya harusi ya wazazi wangu.

Wanaokaa Uyole wanaujua ukungu wa asubuhi. Siku hiyo hata migomba ya jirani ilikuwa haionekani. Nikasimamisha kioo uani katikati ya vigoda viwili, lesi imebanwa juu yake, nyuma ni weupe mtupu, mwanga sawa kila mahali. Studio ya bei gani itakupa hiyo? Nilikuwa picha ya tatu mama alipotoka.

"We mtoto, unaanika nguo kwenye kioo?"

"Napiga picha, mama."

"Nguo ya nani hiyo?" Nikanyamaza. Akasogea. "Na hicho kioo umekitoa wapi?"

Picha ya nne imetikisika, sababu mnaijua.

Baada ya hapo ilikuwa dakika kumi. Nikaondoa rangi, nikageuza nyeusi kuwa nyeupe na nyeupe kuwa nyeusi, nikavuta viwango vya mwanga na giza mpaka anga ikawa nyeusi tii na uzi mweupe pe, nikaibandika picha hiyo kama maski juu ya ile leya nyeusi. Ukihifadhi PNG kutoka GIMP, pana kisanduku cha kutunza rangi za pikseli zisizoonekana. Kitie tiki, la sivyo kazi yote bure. (Kule IMVU, ulimwengu mwingine wa avata, maski hupakiwa kama picha yake yenyewe ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo ujanja huu unaingia moja kwa moja.)

Na usipakie kila jaribio! Unapochagua tekscha pana sehemu ya kutumia picha iliyo kwenye kompyuta yako. Unaiona wewe tu, hailipiwi, na kila ukihifadhi upya inajibadilisha yenyewe. Mimi niliigundua baada ya kupakia mara kumi na tisa. Haifiki bei ya chipsi mayai, lakini inauma.

Ukingo ulipopona, nywele zikaanza. Avata akigeuka, nywele za bega zinakula lesi, akigeuka tena lesi inakula nywele. Zote mbili zilikuwa na uwazi wa kuchanganya, ambapo pikseli inaweza kuonekana nusunusu, na programu ya Second Life ikashindwa kujua ipi iko mbele. Mikono nikaibadilisha iwe na uwazi wa aina ya maski, ambapo pikseli ama ipo ama haipo, kiwango cha kukatia nikaweka 100 hivi kati ya 0 na 255. Ugomvi ukaisha hapo hapo. Kwa lesi inafaa. Kwa shela la neti usijaribu, litakuwa kama chandarua kilichotobolewa na panya, afadhali avata abane nywele.

Gauni limenunuliwa mara sita. Binamu aliliona kwenye simu yangu, akalikuza, akatafuta unga, hakuupata. Akauliza nimetumia programu gani.

Nikamwambia nilinunua ya kulipia.