Ubeti Baada ya Zamu

Faili la mgonjwa halina nafasi ya kueleza kwamba alikuwa akikunja na kukunjua pindo la shuka wakati daktari anamsomea majibu ya vipimo. Litasema tu kwamba ameelezwa, ameelewa, na matibabu yataanza. Ni sawa liwe hivyo, kwa kuwa linaandikwa ili mwenzako wa zamu inayofuata ajue la kufanya. Lakini ile mikono nayo ilionekana, na aliyeiona huondoka nayo wodini.

Mimi ni daktari ninayeandika mashairi, na ninaamini kwamba ubeti mmoja uliotungwa kwa uangalifu humfunza daktari mengi kuliko fomu za tafakuri tunazojaza kwa lazima. Nchini Uingereza, tangu mwishoni mwa mwaka 2012, madaktari huthibitishwa upya kwamba wanafaa kuendelea na kazi, kwa kawaida kila baada ya miaka 5, na kutafakari kazi yao ni sehemu ya utaratibu huo. Nia ni njema. Hata hivyo, anayejua kwamba msimamizi atamsoma huandika yanayotarajiwa: nimejifunza, nitaboresha mawasiliano. Shairi halivumilii maneno ya namna hiyo. Mizani ikikataa, unalazimika kulirudia tukio lenyewe na kujiuliza: je, mgonjwa alinyamaza kwa kuwa alielewa, au kwa kuwa alikuona umekwisha kusimama?

Mshairi William Carlos Williams, aliyetibu watu kwa zaidi ya miaka 40 katika mji wa Rutherford, Marekani, alizoea kuandika mistari yake kwenye karatasi za kuandikia dawa. Naye Daktari Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia aliwaelekeza wanafunzi wake waandike faili la pili, kwa lugha ya kawaida, la yale ambayo faili la hospitali haliyapokei, kisha wasomeane. Huko kusomeana ndiko ninakokuthamini zaidi, maana mwenzako husikia hasira au huzuni ambayo wewe hukujua kuwa umeiandika.

Siri ya mgonjwa, bila shaka, haina mjadala. Kubadilisha jina hakutoshi ikiwa ugonjwa, umri na siku vinamtambulisha. Kwa hiyo mashairi yangu mengi hubaki daftarini, na sioni hasara, kwa sababu kazi yake kubwa yameshaifanya kabla sijaingia zamu ya kesho.