Kanzu ya mwaka kwa mwaka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimelemewa na jambo dogo sana kwa macho: miguu ya mwanangu imetokeza nje ya blanketi.

Alipokuwa na miaka 3 nilimwanzishia blanketi la viraka. Ninyi mnaokaa huku Njombe mnaijua baridi ya Juni na Julai. Nilitaka ajifunike kitu cha nyumbani kwao, basi nikakusanya mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani wa mtaani, sare yangu ya kwaya iliyochanika kwapani, na kanga ya marehemu mama ambayo ilikuwa imebaki pindo tu. Vile vipya nilivifua kwanza na kuvipiga pasi, maana kitambaa kisichofuliwa kikija kusinyaa baadaye kinavuta wenzake na kuwachana, kama Bwana alivyosema juu ya kiraka kipya kwenye vazi kuukuu. Kila kipande nilikata sentimita 12 kwa 12. Mshono unameza sentimita 1 kila upande, zinabaki 10. Vipande 10 upana, 11 urefu. Mtoto alikuwa na sentimita 95, nikaona nimempa na ziada.

Kisha nikaliweka sandukuni. Mahindi yakaja, vikao vikaja, misiba, biashara. Nikilitoa nashona safu moja, nalirudisha. Miaka 4 ikapita hivyo. Jumatatu ndiyo nimemaliza upindo, na usiku nikamfunika kwa furaha kubwa. Akalivuta hadi shingoni, nyayo zikabaki nje. Ana sentimita 121 sasa, yuko Darasa la Pili. Nilikuwa nimemshonea mtoto ambaye hayupo tena.

Nikafungua 1 Samweli sura ya 2. Sisi wanawake tunampenda Hana, mama yake nabii Samweli, kwa machozi yake ya kuomba mtoto kule Shilo na kwa wimbo wake, lakini mstari wa 19 tunaupita haraka: mama yake alimfanyizia kanzu ndogo, akampelekea mwaka kwa mwaka. Mwaka kwa mwaka, wapendwa! Hana alikuwa Rama, mtoto yuko Shilo hekaluni, alikomtoa amtumikie Bwana. Alimwona walipokwea kutoa dhabihu, kisha akarudi nyumbani. Kanzu ya mwaka huu aliikata bila mtoto kusimama mbele yake. Alipaswa kumwaza. Mkono umefika wapi sasa? Mabega je? Na baadaye Mungu alimpa wana watatu na mabinti wawili, nyumba ikajaa, lakini hatusomi kwamba alimpelekea Samweli kanzu ya mwaka juzi.

Sasa mtazame Eli, kuhani wa Shilo, katika sura hiyohiyo. Wanawe, Hofni na Finehasi, walihudumu palepale alipohudumu yeye. Lakini mstari wa 22 unasema alisikia habari za mambo waliyokuwa wakitenda. Alisikia! Kwa watu! Mama aliye mbali anajua urefu wa mkono wa mtoto, na baba aliye karibu anasimuliwa na majirani habari za wanawe.

Naomba mnivumilie hapa, maana ninasema na nafsi yangu kwanza. Tunalipa ada, tunanunua viatu, tunaweka mikono juu ya vichwa vyao usiku na kusema maneno yaleyale tuliyosema walipokuwa wakinyonya. Baba, lini mara ya mwisho ulimuuliza binti yako anaogopa nini? Mama, wewe unayefunga na kuomba kwa ajili ya kijana wako wa kidato cha tatu, unajua rafiki yake wa karibu ni nani mwaka huu, si mwaka juzi? Mtoto amekua, maombi yamebaki na kipimo cha zamani. Isaya aliwaambia wakuu wa Yerusalemu kwamba nguo yao ya kujifunika ni nyembamba, mtu hawezi kujizungushia. Msimfunike mtoto kwa nguo ya namna hiyo. Mwiteni, msimamisheni mbele yenu, mpimeni upya, ndipo mpige magoti.

Nawaambia kwa sababu Jumatano nilifumua upindo wa chini ili niongeze safu 3, na nikamwita anisaidie kuchagua vipande. Tukakaa mkekani. Yeye anapanga, mimi napiga bandi, ile mishono ya kushikiza kwa muda. Huyu mtoto tangu ana miaka 3 alikuwa akiamka usiku akilia, anaogopa giza, na kila usiku nimekuwa nikimwombea Bwana amwondolee hofu ya giza. Hata Jumanne usiku niliomba hivyo. Akaniambia, bila kuinua macho, "Mama, giza siliogopi siku nyingi. Naogopa kusoma kwa sauti. Wanacheka."

Sindano ilinichoma. Siku nyingi! Na mimi nilikuwa palepale, chumba cha pili.

Zaburi ya 139 inasema, "Uliniunga tumboni mwa mama yangu." Nimeisoma miaka mingi, lakini Jumatano, nikiwa na vipande viwili vya kitenge mkononi, nikasikia neno lenyewe: kuunga. Aliyemuunga mwanangu tumboni hajaacha kumwangalia siku hata moja. Alijua habari ya kusoma kwa sauti kabla yangu. Nililia, na mtoto akashangaa, nikamwambia ni sindano na pia si sindano.

Tumeanza kusoma pamoja kila jioni. Tumechukua Samweli sura ya 3, kwa sababu mle mtoto mwenyewe anasema kwa sauti, "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Alhamisi alikwama mara nyingi. Ijumaa alikwama, akarudi mwanzo bila mimi kumwambia.

Safu mbili zimeunganishwa, imebaki moja, tutaishona Jumamosi baada ya kufua. Yeye ameshachagua: kile kipande cha kanga ya bibi yake kikae chini kabisa, miguuni. Na upindo wa chini nitaushona kwa mkono, kwa mishono mikubwa, usije ukanisumbua kuufumua mwakani.