Mpini wa gani wenye ngozi ya nanasi

Mara ya tatu bunduki yangu ya rangi iliponiponyoka nilikuwa kwenye mkono wa mwisho wa klia, ile vanishi ya juu isiyo na rangi. Mlango wa lori, jua la saa nane, jasho linaanzia kwenye kiwiko linaishia kwenye vidole. Gani ikazunguka kiganjani kama kambale, ncha ikagonga mlango, na pale ilipogonga pakabaki alama kama ya kisigino. Dereva alikuwa ameketi kivulini anakula muhogo. Hakusema kitu. Alitafuna tu huku ananitazama, na heri angenitukana.

Mimi ni mpaka rangi wa magari, Busia, upande wa Uganda. Bunduki ya kupulizia rangi sisi tunaiita gani, na mgeni akisikia "lete gani" huuliza "gani ipi?", kisha tunacheka kana kwamba hatujawahi kuusikia mchezo huo. Yangu ina mwili wa alumini na mpini wa bastola kabisa, mlaini kama yai. Aliyeitengeneza bila shaka alifikiria mtu anayefanya kazi penye kiyoyozi.

Ushauri nilioupata hapa mtaani ungejaza pipa. Wa kwanza alisema nizungushie tyubu ya baiskeli. Nikazungushia. Baada ya wiki moja ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, tyubu ilikuwa imevimba na kulegea kama soksi ya mlinzi, gani inazunguka ndani yake kama kawaida. Wa pili akasema tepu ya umeme. Gundi ya tepu na thina vikikutana unapata ulimbo wa kunasia ndege, na kila nilichoshika siku ile kilinifuata nyumbani. Wa tatu, ambaye ana gereji hatua chache kutoka kwangu na mdomo mkubwa kuliko gereji yenyewe, akasema piga grenda mistari miwili mitatu, dakika tano umemaliza. Yeye ya kwake aliipiga. Mpini wake leo unafanana na muhogo uliotafunwa na fuko.

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu, mstaafu wa jeshi, Kiswahili chake cha kambini. Alikuja kusalimia dada yake, akanikuta nalalamika. Akaniuliza, "Shemeji, umewahi kuona bastola ya maana yenye mpini unaoteleza?" Akanieleza habari ya vile vijialmasi vilivyokatwa kwenye chuma, mistari ya kushuka na ya kukatiza, kila kimoja kama jicho la nanasi. Usiku nikasoma kwenye simu. Kumbe huko Marekani mafundi huvikata kwa mkono kwenye fremu ya ile bastola ya 1911 ya John Browning, upande wa mbele wa mpini ambao vidole vinakumbatia, na kipimo chao ni mistari 20 kwa inchi, wengine 25, wenye macho ya tai 30. Wana tupa maalumu yenye safu za meno sambamba, unakata mistari kadhaa kwa mpigo. Bei yake nilipoiona nikazima simu nikalala.

Mistari 20 kwa inchi ni milimita moja na robo hivi kutoka mstari hadi mstari. Likosee jambo hilo na hakuna la kukuokoa. Kukata hata mtoto anaweza. Kuachanisha sawasawa, ndiko kwenye kilio.

Kwanza nilitafuta gani mfu kwa wauza vyuma chakavu, nikaipata kwa bei ya rolex mbili, zile chapati za mayai, na chai. Mpini wake niliupasua katikati kama muwa, kwa sababu ndani ya mpini mna njia ya hewa inayopanda kutoka kwenye mpira wa kompresa, na nilitaka kujua ukuta una unene gani. Penye wembamba kabisa palikuwa kama milimita tatu. Nikajiapiza nisizidi milimita moja. Ukitaka kufanya kazi hii bila kupasua gani mfu kwanza, ni wewe na Mungu wako, siku hewa inakupigia filimbi kupitia mpini.

Sasa nieleze nilivyojiaibisha.

Nilikuwa nimesoma kwamba unaweza kufunga blade mbili za msumeno wa chuma pamoja, katikati ukaweka kipande cha bati. Blade ya kwanza inatembea ndani ya mstari uliokwisha kukatwa, ya pili inakata mstari mpya. Unahamia, unahamia, mpaka mwisho. Kwenye karatasi ni akili ya Sulemani. Nilikata bati, nikapima, nikafunga kwa bolti ndogo mbili, nikamwita kijana wangu wa gereji aje kuona jinsi wazee wanavyofikiri. Mstari wa kwanza, mzuri. Wa pili, mzuri. Wa tano, mzuri, na hapo nikaanza kupiga mluzi. Kwenye wa nane niligundua kwamba mistari ilikuwa imebanana juu na kuachana chini, kama vidole vya mguu wa bata. Meno ya msumeno yamepindishwa kushoto na kulia ili blade isikwame, kwa hiyo hayakai ndani ya mstari wake, yanacheza. Na mpini umebonyea kwa urefu na kutuna kwa upana, blade imenyooka. Mahali pengine blade ya kuongoza ilikuwa inaongoza hewa. Kijana akainamisha kichwa akatazama, akasema, "Mzee, hii ni ramani ya Mto Nile?" Nilimtuma sokoni akanunue msasa ambao sikuuhitaji.

Nilikaa na hasira siku mbili. Ya tatu, nikitafuta kitu kingine kabisa kwenye droo, nikashika tapu iliyokatika.

Tapu ni kile chuma cha kukatia nyuzi kwenye tundu la bolti. Hii ilikuwa ya bolti ya namba nane, ile inayofunguliwa kwa spana 13, na ilinikatikia ndani ya injini ya mteja mwaka juzi, habari ambayo sitaki kuikumbuka. Kilichobaki kilikuwa kipisi cha urefu wa pingili ya kidole. Nikakitazama. Nyuzi za bolti ya nane ya kawaida zimeachana milimita moja na robo kamili. Meno yake yana ncha ya digrii 60. Tena ni chuma kigumu, kinakata chuma kingine kwa kazi yake ya kila siku. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Ukiiburuta tapu kiubavu juu ya alumini, meno yanachora mistari sambamba kama reki kwenye tuta. Jino la pembeni unaliweka kwenye mstari wa zamani, jino la pili linachora mpya. Na kwa kuwa ni kipisi, kinaingia hata pale mpini ulipobonyea. Tapu nzima ingeelea kama daraja.

Lakini hata hapo nilianguka mara moja. Tapu ina safu kadhaa za meno, yangu nne, na mimi nilikuwa naigeuzageuza mkononi nikitumia safu yoyote. Mistari ikaanza kuhama, kidogo tu, kama robo ya nafasi. Nikailaumu miwani. Kisha akili ikarudi: nyuzi za bolti zinapanda kwa mzunguko, kwa hiyo safu ya pili haiko usawa na ya kwanza, imepanda robo, ya tatu nusu. Ndiyo maana bolti inaingia! Nimefunga bolti miaka ishirini na sikuwahi kuliwaza hilo. Nikazisaga safu tatu kwenye jiwe la kusagia, nachovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache isipoteze ugumu, nikaacha safu moja yenye meno matano mazima. Nikaigongomea kwenye kipande cha mvule kiwe mpini. Kifaa changu hicho. Gharama: hasira ya mwaka juzi.

Baada ya hapo ni subira tu. Gani nimeifungua yote, nimeiosha, imebanwa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya kandambili. Masking tepu kuzunguka eneo lote. Mstari wa kwanza kabisa, wa katikati, niliupima kwa rula ya chuma na kuuchora kwa ncha ya msumari, nikaufuta, nikauchora tena, nikalala, asubuhi nikaufuta tena. Mtu akikwambia mstari wa kwanza si kitu, huyo ndiye yule wa grenda. Mingine yote inaufuata mstari huo, ukilewa inalewa yote.

Tapu inachora tu. Kuchimba ni kazi ya tupa ndogo ya pembetatu, ile ya kunolea misumeno, yenye kona ya digrii 60 inayolingana na meno ya tapu. Usichimbe mstari mmoja mpaka mwisho ndipo uhamie wa pili. Pitia wote kwa wepesi, rudi mwanzo, pitia tena. Mimi nilipitia mara nne upande mmoja, nne upande wa pili. Alumini ina tabia ya kung'ang'ania kwenye meno ya tupa, kisha kile kijichembe kilichokwama kinakukwaruzia kazi yako yote. Chaki. Paka tupa chaki ya shuleni kabla ya kila mzunguko, na kwenye tapu dondoshea mafuta ya taa. Binti yangu chaki zake zilipungua na mwalimu akauliza, hilo tulimaliza kifamilia. Ncha ya tupa nimeifunga tepu isije ikaruka mpaka nje ya mpaka. Iliruka mara moja tu, kabla ya tepu. Alama iko, nimeifunika kwa kidole cha shahada ninapoonyesha watu.

Eneo lenyewe ni upana wa sentimita mbili na nusu kwa urefu wa sita. Mistari 20 kwa 48. Kijana aliamua kuhesabu almasi moja moja, alipofika mia nne akasema, "Bosi, hii ni adhabu ya wafungwa." Jibu ni 960, angeuliza ningemwambia. Nilizikata kwa Jumapili tatu na jioni ambazo umeme ulikatika, maana hii ni kazi isiyomjua mtu wa umeme.

Siku ya kwanza kazini nilijiona mfalme. Gani haikuhama hata unywele. Kufika saa sita, glavu zilikuwa zimetoboka kwenye vidole vitatu na kiganja kinawaka kama nimeparua samaki. Nilikuwa nimezichongoa almasi mno, raha ya tupa ilinizidi. Bastola huenda unaishika dakika chache, gani naishika kutwa. Nikachukua msasa namba 400, nikauzungushia kwenye kifutio cha mtoto, huyo huyo wa chaki, nikapitisha juu mara chache mpaka kila ncha ikawa na kibapa kidogo ambacho unakiona tu ukiielekeza kwenye mwanga. Sasa glavu zinafika jioni.

Rangi ikikauka katikati ya almasi, mswaki wa zamani na thina, dakika mbili.

Yule jirani wa grenda alipita juzi. Aliishika, akaigeuza, akaikandamiza, akasema si mbaya, kisha akauliza kama naweza kumwazima kile kijichuma chenye mpini wa mvule kwa siku moja tu. Nilimwambia kimepotea. Kilikuwa kwenye msumari nyuma ya kichwa changu, na nadhani alikiona.