Mickey wa kwenye simu na Mickey wa bustanini: kumpeleka mtoto mdogo kwa wahusika wa katuni

Mtoto wa miaka miwili anamjua Mickey Mouse, yule panya wa katuni, wa kwenye simu, anayeenea kiganjani. Akifika kwenye bustani ya burudani anakuta mtu aliyevaa vazi la Mickey: kiumbe chenye kichwa kipana kuliko kifua cha baba yake, macho hayapepesi, mdomo umeganda kwenye tabasamu lile lile, na neno hakisemi. Yeye mwenyewe ana urefu wa sentimita 85 hivi, kwa hiyo akisogezwa karibu anachokiona ni tumbo na viatu vikubwa kama mabeseni. Akilia hajaharibu siku ya mtu. Ametafuta dalili usoni mwa mgeni, hakuziona, akarudi kwa anayemjua.

Umri unaamua mengi. Mtoto mchanga wa miezi mitatu au minne hana habari. Atapigwa picha amelala na maisha yataendelea. Karibu na miezi minane hofu ya wageni huanza, na kutoka mwaka mmoja hadi wa tatu ndipo penye kazi, hata kwa mtoto aliyeshinda wiki nzima akiliimba jina la mhusika huyo huyo. Kuanzia miaka minne wengi hukimbia wenyewe kwenda kukumbatia. Haya yanayofuata ni kwa ajili ya wale wa katikati.

Anza nyumbani siku chache kabla, na usimwonyeshe katuni. Katuni anazijua. Mwonyeshe video za watoto wengine wakisalimiana na mhusika aliyevaa vazi, aone ukubwa wake akiwa amesimama pembeni ya watu. Kisha cheza naye: vaa kofia kubwa na miwani ya jua mbele yake, vua, vaa tena, umpe naye avae. Anachojifunza hapo ni kwamba sura inaweza kubadilika na mtu akabaki yule yule. Dakika tano kwa siku zinatosha.

Wahusika ni wa makundi mawili, na tofauti yake ina maana kubwa kwa mtoto mwoga. Kuna wenye uso wazi, kama mabinti wa kifalme: wanaongea, wanapiga magoti, wanauliza jina, wanajibu. Na kuna wa vazi zima, wenye kichwa bandia na manyoya, ambao hawasemi kabisa. Wanaongea kwa mikono na mwili. Mtoto asiye na uhakika aanze na wenye uso wazi. Akishazoea, nenda kwa wa vazi zima walio wafupi na wa duara, halafu warefu. Wabaya wa hadithi, wale wenye pembe na majoho meusi, waache mwisho au uwaache kabisa. Kwa wa vazi zima, usimfundishe mtoto maswali marefu. Swali linalojibika kwa kichwa ndiyo au hapana, au kwa vidole, ndilo linalomfurahisha: "Unapenda kucheza?" linapata jibu, "Leo umefanya nini?" linamwacha mhusika akitapatapa kwa mikono.

Umbali ni dawa, na watu wengi wanaitupa. Disneyland, bustani ya burudani ya kampuni ya Disney, ilipofunguliwa California tarehe 17 Julai 1955, mavazi ya wahusika yaliazimwa kutoka Ice Capades, onyesho la kuteleza kwenye barafu. Yalikuwa mavazi ya kutazamwa kutoka kwenye viti vya ukumbi, na picha za siku zile zinaonyesha nyuso ambazo hata mtu mzima angesita kuzikaribia. Vichwa vya leo vimeboreshwa sana, ila kanuni haijabadilika: cha kuchekesha kwa mbali kinaweza kutisha kwa karibu. Kwa hiyo mpeleke kwanza kwenye gwaride, umshike mkono, apunge. Baadaye simameni mita kumi hivi kutoka mahali pa kukutana, mtazame watoto wawili watatu wakisalimia. Ndipo muingie foleni. Wakati wa korona bustani za Disney za Marekani zilisitisha kukumbatiana, na kulirudi Aprili 2022. Kwa mtoto mwoga, salamu ile ya kupungiana kwa mbali ilikuwa bora kuliko foleni nyingi za leo, na hakuna kinachokuzuia kuiomba.

Sasa foleni. Unaweza kusimama dakika 40 kwa mkutano wa dakika moja, na mtoto aliyechoka hupoteza ujasiri wake katika dakika hizo 40. Nepi ibadilishwe kabla, ale kabla, na usipange mkutano karibu na saa yake ya kulala. Kama ratiba imetangazwa, fika robo saa mapema. Muulize mhudumu anayemsindikiza mhusika maswali mawili: foleni imefungwa au bado, na je, mzazi mmoja anaweza kushika nafasi huku mwingine akizunguka na mtoto? Wengine wanaruhusu, wengine hawaruhusu, na ugomvi wa foleni mara nyingi huanzia kwa aliyerudi bila kuuliza. Tegemea pia mapumziko. Ndani ya vazi kuna joto kali, kwa hiyo mhusika hukaa nje muda mfupi, mara nyingi nusu saa au pungufu, kisha huondoka. Mhudumu atasema amekwenda kunywa chai au kumtafuta rafiki yake. Usimkimbilie na mtoto begani. Anayeondoka ana joto na haoni vizuri, na anaongozwa kwa mkono.

Hilo la kutoona ndilo lisilojulikana na wengi, nalo ndilo chanzo cha ajali ndogo ndogo. Aliye ndani ya kichwa bandia huchungulia kupitia wavu, mara nyingine ulio mdomoni na si machoni. Anaona mbele kidogo. Chini haoni, pembeni haoni, nyuma ndiyo kabisa. Mtoto anayemjia kwa nyuma au kumkumbatia goti bila taarifa anaweza kusukumwa na mkia au kukanyagwa na kiatu. Mje kwa mbele, polepole, mkono ukipunga juu. Na usimtupie mtoto mikononi. Glavu nene zenye vidole vinne hazishiki vizuri, na ndiyo maana katika bustani nyingi wahusika hawabebi watoto. Mzazi abebe, mhusika asimame pembeni.

Familia tatu zikibaki mbele yenu, jiandae: begi chini, kamera imewashwa, flashi imezimwa, kitabu cha saini (kile ambacho wahusika humtilia mtoto saini zao) kimefunguliwa kwenye ukurasa mtupu, maka peni mkononi. Iwe nene, kwa sababu glavu hiyo hiyo haiwezi kushika kalamu nyembamba. Mnong'oneze mhudumu kwamba mtoto anaogopa; mhusika ataambiwa, naye atapiga magoti au atageuka kidogo na kujifanya ana haya. Wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Kisha tangulia wewe. Msalimie mhusika kwa mkono, ucheke naye, mtoto akiwa kiunoni mwako au nyuma ya mguu wako. Simama hatua mbili tatu kabla. Mwache mtoto aone kuwa hujamezwa.

Usiseme "nenda kamkumbatie". Mpe mtoto kitu cha kupeleka: mchoro wake, kitabu cha saini, hata jani aliloliokota. Mikono yenye kazi haitetemeki sana, na kitu kile kinaleta umbali wa mkono mzima kati yao. Kwa hiyo kitabu cha saini kinamfaa zaidi mtoto mwenye haya kuliko mkusanyaji. Kukusanya saini 20 kwa siku ni ugonjwa wa wazazi, na mtoto ndiye anayeulipia kwa kusimama juani.

Akikataa, amekataa. Punga mkono, shukuru, ondokeni kwa utulivu bila kumcheka. Kuna wazazi wanaompa mhusika mgongo huku mtoto akitazama juu ya bega, wapate picha kwa hila. Mtoto akifumbua macho anakuta kichwa kile kipo sentimita 20 kutoka puani mwake, na kesho hataki hata gwaride.

Kwa picha, mpigaji apige magoti mpaka kamera iwe usawa wa macho ya mtoto, jua likiwa mgongoni mwake, na aanze kubonyeza tangu mtoto akiwa anatembea. Ile ya kusimama mstari mmoja mkitazama kamera ni ya babu na bibi. Ya kutunza ni ile ambayo mtoto anamtazama mhusika. Mhudumu mara nyingi yuko tayari kukushikia simu. Mpe ikiwa imeshafunguliwa upande wa kamera.

Milo pamoja na wahusika inaondoa foleni, ila ina mtego wake: wao ndio wanaokufuata mezani, na hutokea nyuma ya kiti. Mkalishe mtoto ndani, mgongo ukutani, uso ukitazama ukumbi, awaone tangu mbali. Mwambie mhudumu wa meza mapema kama mnataka salamu ya kupunga tu.

Swali la "ndani kuna mtu?" litakuja, mara nyingi kwa sauti kubwa mbele ya watoto wengine. Mrudishie: "Wewe unaonaje?" Mengine yasubiri mkishatoka.

Mkimaliza, mwonyeshe picha papo hapo mkiwa mmeketi. Mtoto aliyejificha asubuhi huomba kurudi baada ya kujiona amesimama karibu na mhusika, na mkutano wa pili mchana huwa mwepesi. Ila kabla ya yote hayo funika maka peni. Wino ule ukiingia kwenye nguo hautoki.