Jumba la Glasgow lililobadilishwa kazi mara nne

Nyumba ya zamani ikivunjwa Jinja au Kampala, sababu inayotolewa ni ileile: haina kazi tena. Jumba la William Cunninghame, katikati ya Glasgow huko Scotland, linaonyesha vingine.

Lilijengwa mwaka 1778 liwe makazi. Mwenyewe alitajirika kwa tumbaku ya Virginia iliyolimwa na watumwa, jambo ambalo anayelisifu jumba hilo hana haki ya kulinyamazia. Mwaka 1817 lilinunuliwa na Royal Bank of Scotland. Muongo uliofuata wafanyabiashara wakalitaka liwe Royal Exchange, mahali pa kukutana na kupatana bei.

Hapo ndipo msanifu David Hamilton alipofanya kazi ya maana. Mbele aliongeza baraza la nguzo za Kikorintho, yaani zenye vichwa vilivyochongwa kama majani, juu akaweka kuba dogo, na nyuma akaunganisha ukumbi mpana. Vyumba vya makazi havitoshi umati, na kuta za ndani ndizo zinazobeba sakafu za juu. Ukizitoboa ovyo, nyumba nzima inalegea. Nafasi aliipata nje ya kuta hizo. Ukumbi huo ukaja kufaa kwa maktaba ya Stirling mwaka 1954, na tangu 1996 kwa jumba la sanaa ya kisasa.

Maduka ya zamani ya Wahindi pale Jinja mengi yana ua nyuma. Ukihitaji nafasi, jenga uani, uache kuta za mbele zilivyo.

Kinachoziua kuta hizo mara nyingi ni plasta ya saruji. Tofali lililojengewa chokaa au udongo hufyonza unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wa ukuta. Saruji huufungia ndani: plasta inavimba, inabanduka, na inaondoka na uso wa tofali.

Anza na mifereji ya paa, maana ukuta unaomwagiwa maji hauponi kwa plasta yoyote. Kisha bandua saruji taratibu kwa patasi, uache ukuta ukauke kiangazi kizima. Changanya chokaa ndoo moja kwa mchanga mkali ndoo tatu, usiongeze saruji hata kidogo. Loanisha ukuta, piga tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, ulifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa. Likikaushwa na jua linapasuka. Malizia kwa chokaa ya kupaka. Rangi ya plastiki itaufungia unyevu ndani upya.