Msipige slasha kila kitu: bustani za Piet Oudolf na kompaundi ya mama kule Kiamunyi

Watu wetu wa Nakuru, tuna hii tabia, Desemba ikikaribia na wageni wa Krismasi wako njiani basi kompaundi yote inapigwa slasha mpaka udongo unaonekana, halafu Januari mpaka Machi upepo ukianza tunakula vumbi na tunalaumu jua. Mimi nimelelewa hivyo. Nimekuja kuliangalia hilo jambo vizuri nikiwa huku Chicago, kwa kazi ya bustani, na mtu aliyenifundisha zaidi ya wote ni mbunifu wa bustani, Mholanzi anaitwa Piet Oudolf.

Kuonana naye sijawahi, nimejifunza kwa kuangalia kazi yake. Mzee huyu alizaliwa Haarlem mwaka wa 1944, na 1982 yeye na mkewe Anja wakahamia kijiji cha Hummelo wakaanza nasari yao wenyewe, manake mimea aliyokuwa anaitaka haikuwa inapatikana kirahisi. Mimea ya High Line kule New York ni yeye aliipanga, ile reli ya zamani ya juu iliyogeuzwa bustani ikafunguliwa 2009, na hapa Chicago alishapanga mimea ya Lurie Garden ndani ya Millennium Park mwaka wa 2004, bustani ambayo iko juu ya paa la maegesho ya magari na ukiwa unatembea ndani yake hilo halikuingii akilini kabisa.

Sasa, wageni wengi huja mwanzo wa Juni, wakati salvia zimechanua na zambarau yake inapita katikati ya bustani kama mto, kila mtu ametoa simu anapiga picha. Ni pazuri, sikatai. Lakini mimi rafiki yangu akiniuliza aende lini namwambia Januari. Hakuna ua hata moja, baridi inakata masikio, na bustani bado imesimama! Vichwa vya maua ya echinacea vimekauka vikawa vyeusi, vigumu, ukigusa vinachoma kidole, theluji imekaa juu yake, nyasi zimekuwa rangi ya mchanga na upepo ukipita zinainama zote upande mmoja halafu zinarudi, ndege nao wanakuja kudonoa mbegu. Watunzaji wa bustani hawakati mpaka baridi ianze kuisha. Oudolf akichagua mmea anaangalia kwanza umbo lake na vile utaonekana ukishakauka, rangi ya ua inafuata baadaye, na anaipanda mimea karibu karibu mpaka udongo hauna nafasi ya kubaki wazi.

Hapo ndipo nikawaza nyumbani. Sisi theluji hatuna lakini kiangazi tunacho, na kazi ni ile ile, bustani ipendeze hata wakati hakuna kinachochanua. Na mimea yenyewe iko kwetu! Themeda ile nyasi nyekundu nyekundu ya mbugani, Leonotis yenye maua ya rangi ya machungwa yanayozunguka shina na ndege chozi wanaigombania asubuhi, Kniphofia za nyanda za juu zenye maua yaliyosimama kama mienge, hata nyasi ya Pennisetum setaceum, ambayo kwao ni Afrika Mashariki, huku Marekani watu wanainunua kwa vyungu na dola zao, na sisi tunaifyeka.

Nilipokuja likizo nikamweleza mama. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa majirani watasema mwenye boma alihama. Na nyoka je?"

Swali la nyoka ni la haki, sikulipuuza. Nikamwambia, "Mama, mbele ya veranda tutaweka kokoto tupu, pabaki wazi kabisa, nyasi zikae kule mbali kwa fensi ya kaiyaba."

"Haya. Lakini kwa mlango sitaki."

Basi tukapanda upande wa kaiyaba peke yake, nyasi ndizo nyingi, Leonotis tukazitawanya katikati bila kuzipanga mistari. Msimu wa kwanza unamwagilia, usidanganywe eti mimea ya kienyeji inajitegemea siku hiyo hiyo, mizizi inataka muda. Mambo ya kukata ni mwisho wa Machi, kabla mvua ndefu haijaingia, unakata zote kwa mpigo na unaacha karibu nusu futi kutoka chini, na zile zilizokatwa usichome, zikatekate uzitandaze hapo hapo zifunike udongo.

Kitu kimoja kimenisumbua ni Themeda. Nasari za kando ya barabara zimejaa bogonvilia na nyasi za kapeti, ukiuliza Themeda mtu anakuangalia tu. Kama kuna mtu Njoro, Rongai au Gilgil ambaye shambani kwake bado iko na anataka kulima hapo, tafadhali asiing'oe kabla hatujaongea, mama atatuma mtu achukue mashina na tutalipa usafiri.